Mlama wa Mlimani, Mlama wa Mtoni

24 Februari 1975

Daftari la mwaka jana limeliwa na mchwa, kurasa zote hadi jalada, kwa hiyo naanza upya kama mtu aliyezaliwa jana. Mimi ni Agustina, Mnata wa upande wa Mugumu, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mwenye miaka arobaini na saba na maadui wa kutosha. Kijiji nilichopangiwa kinaitwa Tuungane. Kiko kando ya Mto Mara, upande wa Tarime, na hakikuwepo mpaka Septemba iliyopita, watu waliposhushwa kutoka kilima cha Kiribo kwa malori. Nyumba zao za mlimani zilichomwa ili wasiwe na pa kutazama nyuma.

Niliunga mkono kuhama, na bado naunga mkono. Watu wanaoishi kila mmoja na kilima chake hawachimbiwi kisima wala kujengewa zahanati. Hilo nimeligombania magazetini, na walionijibu kwa matusi niliwarudishia hoja, na matusi kidogo ya nyongeza. Lakini kuchoma nyumba ya mtu ambaye ameshapanda lori? Nilimuuliza Mwenyekiti wetu, Kisyeri. Akasema, "Mwalimu, kidonda huwezi kukifunga bila kukisafisha."

Nilimsamehe neno lile, kwa sababu ni kiongozi pekee niliyemwona akichimba mtaro kwa mikono yake. Anasema haraka, anatembea haraka. Mahali hapa alipachagua yeye: alisimama juu ya lori, akanyoosha mkono kwenye bonde lenye majani mabichi, akasema, "Hapa." Na ikawa hapa.

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo. Maksai wanane wa kijiji wamelima mpaka jua likazama.

27 Februari

Mvua. Mbung'o wanaingia hadi darasani. Mmoja kaniuma shingoni nikiandika herufi M ubaoni, na wanakisomo wazima, wengine wana wajukuu, wakacheka kama watoto.

3 Machi

Maksai mwekundu amekufa. Kwa wiki kadhaa alikuwa anakonda, machozi yanamtoka, anatembea kama mlevi anayetafuta kwao. Leo asubuhi ameanguka na jembe nyuma yake, hakuinuka.

Huyu alikuwa maksai wa Boke, mjane anayekaa kiti cha mbele darasani kwangu na kuuliza maswali mpaka nasahau somo. Alimlea tangu ndama. Siku ya kuhama kila mwenye maksai alitakiwa kumtoa kwa kijiji, na Boke alitoa, lakini alipoikabidhi kamba alisema mbele za watu wote: "Mchukueni. Ila huyu hatamaliza masika huko mtoni."

Maneno hayo leo yamerudi. Nimeyasikia kisimani, nimeyasikia kwenye foleni ya chumvi. Hakuna anayeyasema kwa sauti kamili.

4 Machi

Mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi.

Kisyeri alisimama mlangoni, mkono wake kwenye nguzo, kama kawaida yake. Akasema, "Nani alisema maksai yule hatamaliza masika?"

Boke akainuka. Hakungoja aitwe jina. "Ni mimi."

"Ulijuaje?"

"Kama ulivyojua wewe. Tangu zamani watu wa Kiribo hatuteremshi ng'ombe mtoni. Wewe mwenyewe baba yako alikuchapa ulipopeleka ndama huku. Tulikusikia unalia kilima kizima."

Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kiongozi anaweza kumsamehe anayempinga, lakini anayewachekesha watu juu yake hasamehewi. Uso wa Kisyeri ukakakamaa.

"Baba yangu alikuwa mtu wa zamani," akasema. "Sisi tunazungumza hujuma. Huyu mama hakutaka kuhama. Akasema ng'ombe atakufa, na ng'ombe amekufa. Kampa kitu. Pasaka ikiisha, Jumatatu, ahame kijiji chetu. Hatulei wahujumu."

Nikasimama. Nikauliza ahamie wapi. Kurudi mlimani ni marufuku, njia imefungwa kwa kamba na mgambo. Kuishi nje ya kijiji ni marufuku nchi nzima. Mlimani hapandi, kijijini hakai. Sasa akae wapi, hewani?

"Mwalimu," Kisyeri akasema, "wewe umesoma mpaka umepitiliza."

Ndipo mzee Nyangwine, mkuu wa wazee wa kiapo, alipokohoa. Mzee huyu nimepigana naye tangu nilipofika: hunusa ugoro darasani, na alisema herufi ni nyayo za kuku. Akasema mtu hafukuzwi kabla ya kuapa. Boke ana haki ya kuapa kwa tawi la mti wa mlama.

Nilitegemea Kisyeri aruke juu. Mtu yule hucheka hirizi hadharani. Badala yake akatabasamu. "Aape. Wazee wakiridhika na kiapo chake, mimi sina neno."

Nilidhani ni uungwana.

6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hakuna darasa.

8 Machi

Nimekwenda kwa Boke kumwambia asijidhalilishe. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani: kwamba sheria haijui majani, kwamba nitaandika barua wilayani, nitaandika gazetini, kwamba mwanamke wa taifa huru hashiki kijiti kuthibitisha kuwa yeye si muuaji. Alikuwa anapepeta ulezi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, barua yako itarudi lini?"

Nikaanza kuhesabu wiki kwa vidole.

"Na ikirudi, majirani wataniachia watoto wao? Watanipa moto? Siombi unitetee. Nataka jani."

Tukaenda kwa Nyangwine. Shikamoo yangu aliipokea kama mtu anayepokea shilingi mbovu. Nikamwomba anieleze kiapo chenyewe, na akaeleza, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba.

Mshtakiwa hushika tawi la mlama, husema maneno yake, kisha tawi hutundikwa juu ya mlango wake. Akiwa amesema uongo, majani yanavyokauka naye hukauka. Akimaliza yeye, mshtaki naye hushika tawi lilelile na kusema ya kwake. "Wote wawili," alisema Nyangwine. "Asiyeshika kakubali kwamba hana neno."

Sikuamini masikio yangu. Mahakama ngapi humwapisha mshtaki kwa adhabu ileile ya mshtakiwa?

Boke akatoa tawi alilokata mtoni, nyuma ya nyumba yake. Mzee akalipapasa, akalitupa.

"Hili la nini? La kufungia samaki?"

"Ni mlama, tata," Boke akasema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Mlama naujua. Jani lake dogo, nene, lina manyoya kama sikio la ndama. Hili limelala kama kitambaa. Nikuapishe kwa jani nisilolijua, uwe umesema uongo na upone, nani atalaumiwa? Au useme kweli na ufe? Nileteeni la Kiribo, la mti wetu wa kiapo."

"Kiribo kumefungwa."

"Mimi sikufunga."

Nimerudi nyumbani nikitukana kwa Kinata njia nzima. Mmoja anafunga mlima, mwingine anadai jani la mlimani, na katikati yao mwanamke anafungasha vyombo. Na sasa nimeelewa lile tabasamu. Kisyeri aliruhusu kiapo kwa sababu alijua hakiwezekani.

9 Machi

Nimelitazama lile tawi la mtoni siku nzima. Lina matunda. Kila tunda lina mbawa nne nyembamba kama karatasi.

14 Machi

Nimerudi kutoka semina ya walimu wa kisomo Mugumu. Nilivuka mto kwa mtumbwi, nikadandia lori la ushirika, nikasikiliza siku mbili za wakubwa wakitueleza jinsi ya kushika chaki. Semina ilikuwa upuuzi, lakini safari haikuwa.

Nje ya mji, kwenye mbuga kavu ambako mawe yanazidi udongo, nilisimama kujisaidia nyuma ya kichaka, na kichaka chenyewe kilikuwa mlama. Nimekulia kati ya miti hiyo na sijawahi kuitazama. Majani yake hayafiki nusu ya kidole changu cha gumba, magumu, yamejaa manyoya meupe. Nikakata tawi. Matunda yake: mbawa nne. Nikatembea kufuata kijito, na kila nilipokaribia maji majani ya milama yalikuwa makubwa zaidi, laini zaidi, na manyoya yakipungua, mpaka kijitoni penyewe nikapata jani pana kama lile la nyuma ya nyumba ya Boke. Mbawa nne, kila mti.

Usiku nikafungua kitabu changu cha elimu ya mimea. Kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona Mugumu, lakini jambo analijua: jani likiwa penye jua kali, upepo na maji haba, hujifanya dogo, hunenepa ngozi, hujifunika manyoya lisipoteze maji. Mti uleule ukiwa kivulini penye maji, jani hutanda lipate mwanga. Mti ni mmoja. Kinachobadilika ni mahali.

Nilimwona pia bwana mifugo. Nikamweleza yule maksai: kukonda, machozi, kuyumba. Hakungoja nimalize. "Mbung'o, Mwalimu. Hiyo ni nagana. Nani aliyepeleka ng'ombe wa mlimani kwenye vichaka vya mto?"

Nani, kweli.

15 Machi

Nimempelekea Kisyeri habari ya mbung'o. Nilizungumza kwa adabu, jambo ambalo lilinigharimu. Alinisikiliza akiwa ameegemea nguzo yake. Akasema, "Ukisema mahali ni pabaya, unasema waliopachagua ni wabaya."

"Nasema pana mbung'o."

"Mbung'o hawajachaguliwa na mkutano. Mimi nimechaguliwa."

Jibu kama hilo mtu hulitunga kwa miaka. Nikaondoka kabla sijamtupia kiatu.

17 Machi

Leo sikufundisha kusoma. Nilibandika majani ukutani kwa miiba, mstari mmoja: kushoto la mtoni Tuungane, kisha la kijitoni Mugumu, kisha matatu niliyokata jana nikipanda mteremko hadi kwenye kamba ya mgambo, na kulia kabisa lile dogo la mbugani. Chini ya kila jani nikabandika tunda lake. Nikawaambia waje waguse kwa mikono yao.

Wakaja. Wakapapasa. Gati, jirani yake Boke, mwanamke ambaye hajawahi kukubaliana na mtu, akasema, "Kwa hiyo mlama wa mlimani umevaa koti."

"Ndiyo. Na wa mtoni umelivua, hauna baridi ya upepo wala kiu."

"Basi wa mlimani ni kama Mwalimu," Boke akasema kutoka kitini pake. "Mdogo, mgumu, na hataki kuguswa."

Darasa likavunjika mbavu. Nilijitahidi kukunja uso nikashindwa. Nimefurahi kuona kwamba bado anaweza kuchokoza watu.

Nyangwine alikuja mwishoni, bila kualikwa, nikajua kwamba alikuwa amesikia. Alianza upande wa mtoni. Akafumba macho, akapitisha kidole jani moja hadi jingine, polepole, akarudi, akaanza tena. Akahesabu mbawa za kila tunda. Nilimtazama na kwa mara ya kwanza sikuona mzee wa giza. Niliona mtu anayekagua ushahidi. Wakubwa wa semina hawakuwahi kukagua kitu hivyo.

"Umefanya kazi, Mwalimu," akasema.

"Kwa hiyo tumekubaliana, tata?"

"Hapana. Umenionyesha ndugu wengi, na wamefanana ukoo. Mama yao hujanionyesha. Wanaweza kuwa watoto wa wajomba." Akanusa ugoro wake palepale darasani, na akaenda zake.

Nilitaka kumpiga. Halafu, nikiwa nafuta ubao, nikaona kwamba ana haki. Mstari wangu unaonyesha milama mingi mahali pengi. Hauonyeshi mti mmoja ukitoa majani mawili.

20 Machi

Maksai wa pili amekufa. Mweusi, hakuwa wa Boke, na Boke amekatazwa kusogelea zizi tangu ule mkutano. Nilikwenda ofisini nikidhani kwamba leo aibu itamshika mtu.

Kisyeri akasema, "Analoga kwa mbali."

Nimeandika kama alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza. Huyu ndiye mpiga vita ushirikina wetu! Jani haliamini, lakini sumu inayoruka ukuta wa zizi anaiamini. Mbung'o aliyemuuma yeye mwenyewe mkononi mbele ya macho yangu hamwamini. Ujinga wa asiyefundishwa mimi ninaufahamu, ndiyo kazi yangu. Huu wa leo siyo ujinga. Mtu huyu anajua, na ameamua kwamba bei ya kujua ailipe mjane.

23 Machi

Jumapili ya Matawi. Kigango kizima kilipunga makuti ya ukindu yaliyokatwa jana mtoni. Baada ya ibada nilimkuta Nyangwine, ambaye si Mkristo, ameketi juu ya jiwe akitutazama tukitoka. Nikamwambia, "Tata, umeona? Makuti haya hayakutoka Yerusalemu, na hakuna aliyeyakataa."

"Ninyi mnapunga," akasema. "Sisi tunaapa."

Siku nane zimebaki. Boke ameanza kugawa kuku wake.

26 Machi

Nimechoka lakini lazima niandike leo.

Asubuhi nilimfuata Nyangwine nikamwambia: mama wa milama yuko Kiribo, twende tukamwone. Akasema goti lake bovu. Nikasema nitakuwa goti lake. Akacheka, sikujua kama ana meno machache vile, akachukua fimbo.

Mvua ilikuwa inapiga. Kwenye kamba tulimkuta Ryoba, mgambo, chini ya kipande cha turubai, bunduki yake ya mbao mapajani.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwenye jani," akasema Nyangwine.

"Tata, nimekatazwa kupitisha mtu."

"Mura, kijana wangu, babu yako nilimwapisha mimi. Baba yako nilimwapisha mimi. Wewe utaapishwa kwa nini, kwa kamba?"

Ryoba akatazama mto, akatazama mawingu. Kisha akavuta turubai juu ya kichwa chake mpaka kidevuni. Sauti ikatoka ndani: "Mimi sijaona kitu. Nimeona mvua."

Tulipanda. Nilimshika mkono, akaniegemea, na njia yote akanionyesha mahali: hapa ua wa fulani, hapa alizaliwa fulani. Nilichoona ni miduara ya majivu na ulezi uliojiotea katikati ya sakafu za watu. Niliandika makala matatu kuhusu Operesheni ya kuhamisha watu na sikuwahi kuyapanda haya mawe nione ilichoacha.

Kileleni akasimama. Sikuelewa kwa nini, kwa sababu sikuwa naujua mti wenyewe. Kulikuwa na jabali, na kando ya jabali kisiki kipana kuliko meza.

"Wameukata," akasema.

Ulikatwa kwa msumeno, zamani kidogo, uso wa kisiki umeshakuwa wa kijivu. Nyangwine akaketi kwenye matope. Hakupiga kelele. Alisema watu waliobeba miti ya ujenzi Septemba walikuwa vijana wa Kisyeri, na kwamba mlama hauliwi na mchwa, kwa hiyo kila mjenzi huutaka kwa nguzo. Tukatazamana. Nguzo za ofisi! Tangu kijiji kianze, mtu yule ameegemea mti wa kiapo na kuwahukumu watu. Alipotabasamu, alijua. Alimpa Boke haki ya kuapa kwa mti ambao alikuwa ameshaugeuza mlango wake.

Nilianza kusema. Nilisema mambo mengi, kwa sauti, juu ya kilima, mvuani. Nyangwine akaniacha nikasema. Kisha akasema, "Mwalimu, nyamaza. Njoo hapa."

Alikuwa ameinamia kisiki. Upande wa jabali, msumeno ulikuwa umeacha tawi moja la zamani, jembamba, limelala juu ya mwamba. Majani yake yalikuwa yale ya sikio la ndama: madogo, mazito, yenye manyoya. Na upande wa pili, kutoka kwenye gome lilelile, mvua hizi zilikuwa zimetoa machipukizi, marefu kama mkono wangu. Majani yake yalikuwa mapana, laini, yamelala kama kitambaa.

Jani la kufungia samaki. Juu ya Kiribo. Kutoka mti wa kiapo.

Mzee akashika jani moja kwa mkono huu na jingine kwa mkono ule. Akafuata kila kikonyo kwa kidole hadi kwenye gome, kama anayefuata kamba hadi kwenye mbuzi, kuhakikisha kwamba kweli mti ni mmoja. Mimi sikuwa nimefikiria hili. Kitabu changu kilizungumza jua na maji. Hakikuniambia kwamba mti uliokatwa, wenye mizizi mikubwa na mwili mdogo, huanza tena na majani laini.

"Amekatwa, akatoa majani ya utoto," akasema Nyangwine. Akakata tawi la machipukizi, siyo lile la zamani. Nikamuuliza kwa nini lisiwe lile alilolizoea.

"Lile msumeno haukuligusa," akasema. "Hili limezaliwa kwenye jeraha lake."

29 Machi

Jumamosi Kuu. Mbele ya ofisi, watu wote. Hata Ryoba alikuja, akasimama mbali nami kana kwamba hatujawahi kuonana.

Nyangwine alilionyesha tawi. Wazee wenzake wawili walinung'unika kwamba ni la mtoni. Akawaambia kalikata kwa mkono wake kwenye kisiki cha Kiribo, na asiyeamini apande akaone, goti lake likiweza na lao litaweza. Nilimtazama Kisyeri aliposikia neno kisiki. Aliweka mkono wake kwenye nguzo.

"Nani alikupa ruhusa ya kupanda?"

"Mvua," akasema Nyangwine, na watu wakaguna kwa raha.

Boke alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alilishika tawi kwa mikono miwili, na sauti yake ilitoka ndogo, ikabidi tusogee.

"Yule maksai nilimnywesha kwa kiganja mama yake alipokufa. Kama nilimlisha kitu, nikauke kama jani hili. Kama nilisema tu lililojulikana na kila mtu wa Kiribo, nibaki hapa na watu wangu."

Akageuka, akamnyooshea Kisyeri tawi.

"Mshtaki ashike," akasema Nyangwine.

"Mimi ni kiongozi wa kijiji," akasema Kisyeri. "Siapi kwa majani. Mambo haya tumeyaacha mlimani."

"Wewe ndiye uliyesema wazee wakiridhika huna neno. Tumeridhika. Shika, au sema huna neno."

"Sishiki." Akarudi nyuma hatua moja, mgongo na kiganja chake vikakutana na nguzo, na akaegemea kama anavyoegemea siku zote.

Nyangwine akamtazama mkono. "Kisyeri mwanangu, hiyo nguzo ni mti gani?"

Niliona jambo ambalo gazeti haliwezi kulichapa. Mkono wa yule mtu ulitoka kwenye nguzo kama mkono uliogusa jifya la moto. Kila mtu aliona. Na kila aliyeona alielewa, kwa sababu asiyejua ni mti gani angebaki ameegemea.

"Mti umeshaushika," akasema Nyangwine. "Yamebaki maneno."

Kisyeri alifungua kinywa. Mtu huyu nimemsikia akihutubia saa tatu bila maji. Akatazama kiganja chake, akakifuta kwenye suruali, akapita katikati yetu akaenda nyumbani. Hakuna aliyecheka. Boke alilichukua tawi, akalitundika juu ya mlango wake, na Gati akamletea moto.

31 Machi

Jumatatu ya Pasaka. Hakuna aliyekuja kumhamisha mtu.

3 Aprili

Tangazo: maksai sita waliobaki wapelekwe Kiribo "kwa malisho ya muda". Hakuna neno kuhusu mbung'o. Hakuna neno kuhusu Boke. Kamba imeondolewa ili ng'ombe wapite, na watu wanapita nyuma ya ng'ombe.

Wananiuliza mbona sifurahi. Nifurahi nini? Nyumba zimekwisha kuungua, maksai wawili wamekwisha kuliwa na fisi, na aliyeamua yote bado ana muhuri. Mjane alihitaji kuhatarisha roho yake mbele ya watu ili aachiwe nyumba ya udongo aliyopewa badala ya yake. Naandika barua wilayani, na safari hii sitaweka adabu.

13 Aprili

Majani juu ya mlango wa Boke yamekauka, yamejikunja kama masikio. Yeye leo amepalilia tangu asubuhi, na jioni amekuja darasani kuniuliza kwa nini m ndogo ina miguu mitatu.

Nikirudi nilipita ofisini. Kisyeri alikuwa anaingia. Mlango ule ni mwembamba, una nguzo kila upande. Alikusanya mikono yake kifuani, akageuka, akaingia kwa ubavu, taratibu, asiguse huku wala huku. Watu waliokuwa kisimani walikuwa wameweka ndoo chini wakimtazama. Wanasema huingia hivyo kila siku.